Zamu ya Kupasuliwa: Habari za Wagonjwa Wetu, toka Kinsevere hata Lubumbashi



Katika kitabu hiki wengine wameandika habari za ubatizo, za ndoa na za wakatekista. Sisi tumeombwa kuandika habari za wagonjwa, na zaidi za wale wanaongojea kupasuliwa. Toka Kinsevere hata Lubumbashi ni kadiri ya kilometa 30. Lakini mama ambaye mutoto amekwama tumboni mwake hapimi njia kwa kilometa; anaipima kwa saa. Na akisha kufika katika muji, kungojea kwingine kunaanza: kungojea meza ya kupasulia iwe wazi.

Muji wenyewe ulianza mwaka wa 1910, wakati gari la moshi lilipofika toka Rhodesia. Mwaka ule ule Roma iliunda Prefektura ya Katanga, ikaiweka mikononi mwa Wabenedikto pamoja na Jean-Félix de Hemptinne, aliyefanywa askofu mwaka wa 1932 na kufariki mwaka wa 1958. Wasaleziano walifuata mwaka wa 1911. Kwa upande wa dawa, Wazungu walikuwa na hospitali yao na watu weusi yao. Union Minière, iliyoundwa mwaka wa 1906, ilijenga hospitali na maternite kwa wafanyakazi wake, na kwa wake na watoto wao. Ilifanya vizuri, ijapokuwa tunajua kwamba ilitaka mikono yenye nguvu kwa kazi ya shaba. Mutu wa kijiji, ambaye jina lake halikuandikwa katika kitabu cha kampuni, alikuwa na dispansere ya misioni au ya Leta, na dispansere haipasui tumbo.

Uhuru ulipofika mwaka wa 1960, katika Kongo nzima hapakuwa hata munganga mumoja Mukongo aliyemaliza masomo ya chuo kikuu. Walikuwako waasistanti wa wanganga, watu wenye ujuzi mwingi na cheo kidogo. Makumi yao walitumwa Ufaransa kumaliza masomo kwa musaada wa Shirika la Afya la Ulimwengu. Mumoja wa waasistanti wa zamani alikuwa Jason Sendwe, aliyeingia katika siasa na kuuawa mwaka wa 1964 kule Albertville, ndiyo Kalemie ya leo. Hospitali kubwa ya Lubumbashi ina jina lake. Wangapi wanaopita katika mulango ule wanajua kwamba mwenye jina alikuwa mutu wa kufunga vidonda?

Kisha ikaja miaka ya shida. Mwaka wa 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba. Mwaka wa 1993 haikufika tani 50,000. Mishahara ikakauka, na dawa pamoja nayo. Tokea hapo jamaa ya mugonjwa ikazoea kutafuta yenyewe uzi, glovu na serumu mbele ya munganga kushika kisu. Mwaka wa 2007 machimbo ya Kinsevere yalianza kutoa shaba, na toka 2012 ni ya kampuni ya MMG.

Sasa, kwa nini watu wanangojea? Wengi husema: wanganga ni wachache. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Tuchukue hospitali yenye chumba kimoja cha kupasulia. Asubuhi mwanaume mwenye henia ameandikwa wa kwanza. Mama wa kuzaa analetwa kwa haraka; anapita mbele, na ni haki yake. Kisha kijana aliyevunjika muguu, mufupa umetoka nje. Mwenye henia anarudishwa hata juma lijalo, na juma lijalo ni vile vile. Siku moja utumbo wake unafungwa katika henia, naye pia anakuwa mutu wa haraka, katika hatari ya kufa. Hivi kungojea kunazaa kungojea. Chumba cha pili, kikiachwa kwa ajili ya wagonjwa wa haraka tu, kinaokoa zamu ya wengine. Lakini chumba bila mutu wa dawa ya usingizi, bila vyombo vilivyochemshwa, bila kitanda cha kulaza aliyepasuliwa, ni gala tu.

Mwaka wa 2015 wataalamu waliokusanywa na gazeti la *The Lancet* waliandika kwamba watu milioni elfu tano hawawezi kupata upasuaji salama wa bei wanayoiweza, na kwamba kila mutu angepaswa kuufikia katika saa mbili. Walitaja kazi tatu za kupimia hospitali: kumupasua mama ili azae, kufungua tumbo, na kutengeneza mufupa uliotoka nje.

Tuna mufano wa Kanisa kule Gulu, Uganda. Hospitali ya Lacor ilianzishwa mwaka wa 1959 na wamisionari Wakomboni. Mwaka wa 1961 akafika munganga Piero Corti pamoja na Lucille Teasdale wa Kanada, munganga wa kupasua. Walifunga ndoa mwaka ule ule katika kapela ya hospitali. Asubuhi Lucille aliwaona wagonjwa wa nje, muchana alipasua. Vita vilipoleta majeruhi, alijikata mara nyingi kwa vipande vya mifupa, akaambukizwa SIDA, akafariki mwaka wa 1996. Lakini pamoja na mume wake alikuwa amekwisha kuwafundisha vijana wa nchi. Mumoja wao, Matthew Lukwiya, aliongoza hospitali hata Ebola ilipomuua mwezi wa 12 mwaka wa 2000. Kwa maoni yetu, shule ile ilipunguza kungojea kuliko ukuta wo wote.

Mapadri wageni hutuuliza kama Kinsevere inahitaji jengo. Tunahitaji kwanza mutu anayejua dawa ya usingizi, na mashine ya umeme isiyozimika usiku. Matofali tunajua kuyachoma sisi wenyewe.