Bibi, Mtunya na Tarehe 1 Januari

Siku tuliyompeleka Bibi kuandikishwa kitambulisho, kijana aliyekaa kwenye kompyuta alimuuliza swali ambalo kwake lilikuwa jepesi kuliko yote: "Bibi, umezaliwa tarehe ngapi?"

Bibi akamjibu bila wasiwasi: "Mjukuu wangu, wazungu wa karanga walipokuja Kongwa, mimi nilikuwa nambeba mdogo wangu mgongoni."

Kijana akasubiri. Bibi naye akasubiri, maana yeye alishajibu. Mwishowe kijana akaandika 1 Januari 1940, akabonyeza kitufe, foleni ikasogea.

Mimi ni mtu wa mapenzi mawili, historia na kompyuta, na siku ile mapenzi yangu yaligombana mbele ya macho yangu. Kijana simlaumu. Fomu ilitaka siku, mwezi na mwaka, na bila hivyo isingekubali kwenda ukurasa unaofuata. Lakini kati ya majibu yale mawili, la Bibi ndilo lililokuwa na ukweli mwingi zaidi.

Hebu tulipime. Mradi wa karanga wa Waingereza ulianza Kongwa mwaka 1947. Yaliletwa matrekta mengi kufyeka pori, udongo ukawa mgumu, mvua ikawa haba, na mwaka 1951 serikali ya Uingereza ikauacha baada ya kupoteza takribani pauni milioni 36. Sasa, mtoto wa kike wa kijijini huanza kubeba mdogo wake akiwa na miaka kama saba, minane au tisa. Piga hesabu: Bibi alizaliwa kati ya 1938 na 1940. Kwa hiyo mwaka ulioandikwa haukuwa mbaya sana. Ila ile "1 Januari" haikutoka kwa mtu yeyote. Ilitoka kwenye mashine.

Huku Ugogo watu walikuwa na kalenda yao, na kurasa zake nyingi ni njaa. Kila njaa kubwa ilipewa jina. Mama yake Bibi, kwa mfano, alizaliwa "wakati wa Mtunya". Ukisikia neno hilo umeshapata zaidi ya tarehe. Mtunya ilikuja mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, halafu mvua ikakata. Mwanahistoria Gregory Maddox ameandika kwamba huenda walikufa watu 30,000 katika nchi iliyokuwa na watu kama 150,000. Mtoto aliyezaliwa katika hali hiyo akaishi, akaja kuzaa na kujukuu, hiyo ni habari nzima. Ukiandika "1919" peke yake umetupa habari na kubaki na namba.

Kuna waliolijua hili kabla yetu. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa huku Dodoma mwaka 1917, sisi wapenda fasihi tunamkumbuka kwa mashairi na ngonjera. Lakini mwaka 1954 alitoa pia kitabu kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo, akakiandika kwa Kiswahili. Alifariki mwaka 1969. Hakuwa na kinasa sauti cha mfukoni kama mimi na wewe, ila alichokiandika bado tunakisoma.

Mimi nilikuwa na kinasa sauti cha mfukoni. Mwaka 2014 nilimrekodi Bibi kwa simu, karibu saa mbili, akisimulia habari za Kongwa, za Mtunya kama alivyosikia kwa mama yake, na za kuhamishiwa kijiji cha ujamaa kwenye Operesheni Dodoma. Nikaliita faili "sauti 043", nikaliacha humo humo kwenye simu. Simu ikaibiwa stendi. Nikajiambia nitarudia Krismasi. Krismasi nikapangiwa zamu kazini. Bibi akafariki kabla sijarudi. Kilichobaki ni ukurasa mmoja na nusu kwenye daftari la kaunta, nilioandika siku ile kwa sababu tu nilikuwa nasubiri simu ipate chaji.

Wapo watakaosema basi kompyuta haifai. Tulishawahi kwenda njia hiyo. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mfumo wa hesabu uliofuata ukaleta hasara na vurugu, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku ikaja kulegezwa baadaye, lakini miaka ilishapotea. Kwa maoni yangu mashine haikuwa na kosa peke yake, kama ambavyo simu yangu haikuwa na kosa. Kosa ni kuiachia mashine kazi ya kufikiri.

Kwa hiyo wewe ambaye bado una bibi au babu, nikushauri kama mtu aliyeungua. Usimuulize mwaka. Muulize alikuwa anaweza kufanya nini Uhuru ulipokuja: kuchunga ndama, kutwanga, au alishaolewa? Ukiandika kwenye kompyuta, weka safu mbili: moja ya maneno yake mwenyewe, nyingine ya hesabu yako, na ile ya kwanza usiifute kamwe. Faili lipe jina linaloeleweka, uanze na mwaka, mwezi, siku, yatajipanga yenyewe. Weka nakala tatu, mojawapo iwe nje ya nyumba yako. Kisha chapisha kwenye karatasi. Nina diski za flopi za mjomba wangu ambazo sina pa kuzisomea, wakati michoro ya mapangoni kule Kolo, Kondoa, ina maelfu ya miaka na unaiona kwa macho tu.

Na fanya wiki hii. Usisubiri Krismasi.

Msalaba wa Bibi uliandikwa haraka haraka kutoka kwenye kitambulisho: "Alizaliwa 1.1.1940." Mwaka huu tunataka kulijengea kaburi. Nimemwomba baba tuandike, "Alizaliwa kabla ya karanga za Kongwa, karibu 1939." Baba anasema watu watatucheka. Shangazi, dada yake mkubwa, anasema hapana, mama mwenyewe ndivyo alivyokuwa akisema. Bado tunajadiliana.