Engaruka: mawe, maji na watu wanaodaiwa kupotea

Kidato cha Kwanza tulikariri shadufu ya Misri na mifereji ya Mesopotamia mpaka tukaijua kuliko majina ya wajomba zetu. Baadaye akaja Jethro Tull wa Uingereza na mashine yake ya kupandia mbegu. Engaruka sikuisikia darasani hata siku moja. Na Engaruka, ukichora mstari ulionyooka kutoka Nairobi, iko kama kilomita 210 hivi. Kisumu ni mbali zaidi.

Iko upande wa Tanzania, wilaya ya Monduli, chini kabisa ya ukingo wa Bonde la Ufa. Kuna mashamba ya kale ya takriban hekta 2,000 yaliyogawanywa kwa mistari ya mawe, na juu yake, kwenye mteremko, mabaki ya vijiji saba. Watu walilima hapo tangu karne ya 14 au 15 hadi karne ya 18. Nyumba walizijenga mlimani juu ya matuta yaliyosawazishwa, ili ardhi ya chini ibaki ya kulima. Hakuna saruji wala chokaa. Ni jiwe juu ya jiwe.

Safari yenyewe si ngumu, ni ndefu tu. Namanga, Arusha, Makuyuni, Mto wa Mbu, halafu vumbi kama kilomita 60 kuelekea kaskazini, Ol Doinyo Lengai ukisimama mbele yako. Ukifika, usitarajie Fort Jesus. Kuta nyingi hazinifiki gotini, na mtu mwenye haraka anaweza kuvuka shamba la miaka 500 akidhani ni mawe yaliyoporomoka tu. Kijana wa Kimaasai aliyenitembeza akaniambia neno moja: “Fuata mfereji.” Sasa, kwetu Nairobi mfereji ni ule unaofungua jikoni, maji yatoke. Kwao ni mtaro wa kupeleka maji shambani. Nikaufuata. Ulikuwa mstari wa mawe mawili mawili, umejaa mchanga, lakini unashuka polepole, kwa kipimo, kama mtu aliyeshika kikombe cha chai iliyojaa. Hapo ndipo shamba zima likaanza kuonekana.

Engaruka ni kukavu. Mvua yake haitoshi kumtegemea Mungu na kulala. Maji yaliyowasaidia ni ya mito inayoteremka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro na kutokea kwenye korongo. Wakulima waliyakinga pale yanapotokea, wakayagawa kwenye mifereji mikubwa, kisha midogo, mpaka kila kipande cha shamba kikafikiwa. Vipande vilisawazishwa ili maji yatulie, yasikimbie na udongo.

Kuna jambo lililonivutia zaidi ya yote. Utafiti wa miaka ya karibuni, hasa wa Daryl Stump na wenzake, unaonyesha kwamba sehemu ya mashamba hayo haikuwa na udongo wa kutosha mwanzoni. Waliutega. Unajenga ukuta mfupi, maji yenye tope yanakuja, yanapunguza mwendo, tope linakaa. Msimu mwingine unaongeza mawe, tope linapanda tena. Yaani shamba lenyewe walilitengeneza, sentimita kwa sentimita. Walipanda mtama, na punje zake zilizoungua zimechimbuliwa huko. Walifuga ng'ombe, mbuzi na kondoo karibu na nyumba, na samadi ikarudi shambani.

Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, hapa hapa magharibi ya jiji letu, alifika huko mwaka wa 1935. Alikuta mabaki ya nyumba kwa maelfu, akakisia kwamba waliishi hapo watu 30,000 hadi 40,000. Hamo Sassoon alichimba miaka ya 1960, na John Sutton baada yake akaishusha sana hesabu hiyo, kwa sababu si nyumba zote wala mashamba yote yaliyotumika wakati mmoja. Mimi naipenda hesabu ndogo. Jiji la watu 40,000 linaonekana kama amri ya mfalme. Watu elfu chache, kizazi baada ya kizazi, kila mmoja akiongeza ukuta wa babake, hiyo ni kazi ya wakulima.

Lakini tazama miaka. Leakey anatembea kati ya kuta hizo mwaka wa 1935. Wakati huo huo serikali ya kikoloni Kenya inahubiri kwamba Mwafrika hajui kutunza udongo. Mwaka wa 1938 inawanyang'anya Wakamba ng'ombe wao kwa hoja hiyo ya mmomonyoko, na Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, wanatembea kutoka Machakos hadi Nairobi kudai mifugo yao. Miaka ya 1940 ikaja amri ya kuchimba matuta kwa lazima. Murang'a, enzi hizo Fort Hall, mzigo uliwaangukia wanawake, asubuhi mbili kila wiki, bila malipo. Mwaka wa 1947 kazi ikagomewa, na 1948 wanawake kwa maelfu wakaandamana wakiimba na kucheza, wakasema hawachimbi. Kwenye barua za wakubwa huo ulikuwa ukaidi wa watu wasiopenda maendeleo.

Si kweli kwamba walichukia matuta. Walichukia kuamrishwa. Baada ya uhuru, Wakamba wale wale walichimba matuta kwenye milima ya Machakos kwa vikundi vya mwethya, kwa jembe na sururu, bila kiboko. Njia waliyoipenda ni ya kutupa udongo upande wa juu wa mtaro, na inaitwa fanya juu. Wataalamu wa udongo dunia nzima wanaandika “fanya juu” hivyo hivyo, kwa Kiswahili.

Kwa hiyo ninaposoma kwenye vijitabu vya watalii kwamba Engaruka ni “mji uliopotea” wa “watu wasiojulikana”, naona kuna kitu kinafichwa. Ndiyo, mashamba yaliachwa. Watafiti wametaja kupungua kwa mito, kuchoka kwa ardhi, na kuja kwa wafugaji. Lakini kuhama si kupotea. Leakey mwenyewe aliwafikiria Wairaqw wa Mbulu. Wengine wamewataja Wasonjo, wanaojiita Batemi, kaskazini-magharibi ya hapo, ambao bado wanamwagilia kwa mifereji, na zamu za maji hugawanywa na wazee wanaoitwa wenamiji. Wamarakwet nao wanayateremsha maji kutoka ukingo wa Elgeyo hadi Bonde la Kerio, na kila ukoo unajua sehemu yake ya kuziba mfereji unapobomoka. Konso, Ethiopia, wanalima kwenye matuta ya mawe hadi leo, na UNESCO iliyaingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka wa 2011.

Wacha niseme na la kwetu. Ploti ninayoishi Kilimani ina ghorofa kumi na mbili. Maji huja kwa mgao, na yasipokuja tunachangishana ya boza, wa kwanza kujaza madumu ndiye mjanja. Mtaa una mto, Kirichwa Kubwa, na mvua ikinyesha maji yote ya lami na paa yanakimbilia huko pamoja na udongo wa mijengo. Mzee wa wenamiji angekaa na sisi juma moja angetushangaa sana.

Kule Engaruka Juu mto bado unatumika. Wanapanda mahindi, maharage na ndizi, na mashamba mapya yanazidi kuingia ndani ya yale ya kale. Nilimwona mama mmoja akifungua maji kwa jembe, akaziba mtaro wa jirani kwa tope na jiwe. Nikamuuliza zamu yake inaisha saa ngapi. “Saa sita,” akasema, “na yule pale ameshaanza kuniangalia.”