Kupauka si Kuchujuka

Mfereji wa Kansanga hubeba maji ya mvua, na mengine tusiyoyataja mezani, hadi ziwani, kwenye Ghuba ya Murchison. Kwenye ghuba hiyohiyo, pale Ggaba, ndipo Kampala inapochota sehemu kubwa ya maji yake ya bomba. Virutubishi vikizidi, ziwa hugeuka uji wa kijani. Uji huo ni sianobakteria, hasa jamii ya Microcystis. Wapo wanaowaita “mwani wa kijani-buluu”, lakini hilo silipendi: si mwani, na msomaji wa Paje akisikia mwani anakumbuka kamba na vigingi vya shamba lake la baharini.

Mwanafunzi mmoja kutoka Mombasa, anayesoma hapa Kansanga, aliniletea ukurasa wa kazi yake. Chupa mbili za sianobakteria zilikuwa zimepoteza rangi. Moja ilinyimwa naitrojeni, ya pili ilitiwa kemikali. Zote mbili aliziandikia “zimefifia”.

“Kwani mwalimu, si ni kitu kimoja?”

Si kimoja. Sianobakteria hutumia klorofili kama majani, ila huongeza fikosianini, pigmenti ya buluu inayonasa mwanga ambao klorofili huuachia upite. Pigmenti hiyo hushikwa na protini, na protini hizo zaweza kufikia karibu nusu ya protini zote zinazoyeyuka ndani ya seli. Hiyo ni akiba kubwa ya naitrojeni. Njaa ikiingia, seli huivunja mitambo yake ya kunasia mwanga na kuila. Kijani-buluu huwa kijani-manjano. Mwaka 1994 ilitambuliwa jeni inayoongoza ubomoaji huo, nblA, na seli zilizoikosa zilibaki na buluu yao hata zikiwa na njaa. Kwa hiyo upotevu ule si ajali. Seli yenyewe inauendesha.

Hapo Kiswahili kina neno tayari: kupauka. Ngozi hupauka ikikosa mafuta, na mtoto mwenye utapiamlo hupauka hadi nywele. Neno linabeba njaa ndani yake. Linabeba na matumaini pia, maana sianobakteria waliopauka wakirudishiwa naitreti huanza kurejesha rangi ndani ya siku mbili hivi.

Chupa ya pili ni habari nyingine. Kemikali kama gabakulini huzima kimeng'enya kimoja mwanzoni mwa njia inayotengeneza klorofili na buluu pia. Hakuna kinacholiwa. Rangi ya zamani ipo, ila mpya haiji, na kila seli inapogawanyika watoto hugawana kilichosalia. Huko ndiko kuchujuka, kama kanga inayofuliwa kila wiki bila kurudi kwa mtia rangi. (Mfano una kasoro: kemikali ikiondolewa, seli yaweza kuanza kujitia rangi upya. Kanga haina bahati hiyo.)

Ipo na hali ya tatu. Noflurazoni huzuia karotenoidi, zile pigmenti za manjano zinazoikinga klorofili na ukali wa mwanga. Kinga ikikosekana, mwanga huiharibu klorofili. Hapo ningesema kubabuka.

Kijana akauliza kemikali zenyewe tuziite nini. Alikuwa ameandika “vizuizi”. Kizuizi mimi nakiona barabarani: gogo, askari, foleni ya magari. Kemikali hizi hazisimami barabarani. Diuroni, dawa ya magugu, hukalia kiti cha kibeba-elektroni ndani ya mtambo wenyewe wa usanisinuru, kama abiria aliyekalia kiti cha mwingine kwenye matatu na akagoma kushuka. Kwangu hicho ni kizuiaji: kitu kinachofanya kitendo. Wenye kizuizi sitawagombeza, lakini wasikose kusema kinazuia nini.

Ubishi huu una kazi nje ya karatasi. Vipo vyombo vinavyokadiria wingi wa sianobakteria majini kwa kupima mng'ao wa fikosianini. Seli zikiwa na njaa, mng'ao hushuka ingawa seli bado zimejaa, na sumu yake huenda bado imo. Mtu akiandika kwenye ripoti kwamba rangi imefifia, anayesoma hudhani ziwa linasafika. Akiandika kwamba seli zimepauka, msomaji ataziona bado zimo majini, na ataulizia darubini.

Kijana alifuta “zimefifia” mahali pawili. Kwenye chupa ya pili alisita, akaniuliza kama mtahini wake wa Kampala atalijua neno kuchujuka. Nikamwambia amwonyeshe kanga.