Salamu ya Kihispania iliyokataa kutawaliwa

Julai 2026 inatimia miaka 90 tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipolipuka nchini Hispania, na kumbukumbu nyingi zitahusu mabomu ya Guernica, Jenerali Franco na wapiganaji wa kujitolea waliotoka ng'ambo. Hayo yanastahili kukumbukwa. Lakini mwaka ule wa 1936 lilitokea pia jambo linalomgusa kila anayejifunza Kihispania leo, awe mwongoza watalii wa Arusha au Unguja, au mtumishi wa Umoja wa Afrika, ambako Kihispania ni lugha rasmi kama kilivyo Kiswahili. Katika jiji la Barcelona, kwa miezi kadhaa, watu waliacha kuamkiana kwa "buenos días". Salamu hii, ambayo haikosekani katika kurasa za mwanzo za kitabu chochote cha kujifunzia, ilihesabiwa kuwa ya mabepari, ikawekwa kando, kisha ikarudi yenyewe. Ukikiweka kisa hicho pamoja na visa vya karne zilizotangulia, utaona kwamba salamu za Kihispania hazijamtii mtawala yeyote, wa mrengo wa kulia wala wa kushoto. Zimefuata namna watu wanavyoishi na wanavyogawana ukubwa. Mwalimu anayezifundisha kama orodha ya kukariri anamnyima mwanafunzi jambo ambalo Wahispania wenyewe wamegombana juu yake kwa karne tano.

Mwanzo wa habari unajulikana. Wahispania wa zama za kati walikuwa na "tú" kwa mtu wa karibu au wa chini, na "vos" kwa mkubwa. Kufikia karne ya 16 kila mtu alikwisha kuambiwa "vos", hivyo heshima yake ikachujuka, na mwenye cheo akaanza kuchukia kuitwa hivyo. Likapanda "vuestra merced", yaani "hisani yako". Salamu nayo ikabidi ipande ngazi: kumwombea mtu Mungu amweke hakukutosha tena, ikapasa kumwambia kwamba unambusu mikono.

Ushahidi ulio hai kuliko wote umo katika Lazarillo de Tormes, kitabu kidogo kilichochapishwa mwaka 1554 bila jina la mwandishi, kikapigwa marufuku mwaka 1559 na mahakama ya Kanisa iliyowasaka wazushi. Mjini Toledo, mtoto Lázaro anaingia utumishi kwa bwana mmoja wa ukoo wa kiungwana mwenye upanga mzuri, joho safi na nyumba isiyo na hata kipande cha mkate. Mtoto ndiye anayetoka kuomba barabarani na kumlisha bwana wake. Siku moja bwana huyo anamsimulia kwa nini alihama kwao: hakuweza kuvumilia kumvulia kofia kwanza jirani aliyemzidi mali. Anaongeza kisa cha fundi mmoja ambaye kila walipokutana alimsalimu "Mantenga Dios a Vuestra Merced", yaani Mungu aiweke hisani yako. Bwana alimtukana fundi yule, akataka hata kumpiga, kwa sababu aliiona hiyo kuwa salamu ya watu duni, na mtu kama yeye alistahili kubusiwa mikono, walau kwa maneno. Lázaro anawaza kwamba si ajabu basi Mungu hajishughulishi kumweka bwana huyu, maana yeye mwenyewe hamruhusu mtu amwombee. Tazama kilichotokea hapo. Fundi amekwisha kutumia "vuestra merced", neno ambalo vizazi vichache nyuma lingemtosha mkubwa, na bado anakosa. Heshima ilikuwa imepanda bei kiasi kwamba dua njema ilihesabiwa kuwa tusi.

Atakayesema kwamba hiyo ni hadithi tu atakuwa amesahau kilichofuata. Oktoba 1586 Mfalme Felipe II, aliyekuwa akitawala sehemu kubwa ya dunia, aliona tatizo la salamu na vyeo limekua kiasi cha kuhitaji sheria. Amri yake ilipanga nani aitwe nani, ikabana matumizi ya "Excelencia" na "Señoría", ikaweka faini kwa wakaidi. Yeye mwenyewe alijiweka katika amri hiyo: barua za kwake zianze kwa "Señor" peke yake, bila mlolongo wa sifa. Ilikuwa sheria yenye akili, na ilishindwa. Wafalme waliomfuata walilazimika kuitoa upya zaidi ya mara moja, na sheria inayofuatwa haitolewi upya. Wakati huohuo, bila amri ya mtu, "vuestra merced" iliteremka kutoka kwa waungwana hadi kwa askari, wauza mkate na wachunga nyumbu. Kadiri ilivyopita midomoni ndivyo ilivyofupika, na mwanzoni mwa karne ya 17 ikawa "usted". Ndiyo maana mpaka leo "usted" hufuatwa na kitenzi cha nafsi ya tatu. Anayeuliza "¿Cómo está usted?" bado anaulizia hali ya hisani ya mtu, hamuulizi mtu mwenyewe. Wanafunzi wengi huhangaika na kanuni hiyo kwa miezi, wakati historia yake ingeieleza kwa dakika mbili.

Sasa turudi Barcelona. Julai 19, 1936, wafanyakazi wa jiji hilo, wengi wao wanachama wa vyama vya kianakisti, walisaidia kuyashinda majeshi yaliyoiasi serikali, upande ambao Franco alikuja kuuongoza, na jiji likawa mikononi mwao. Mwandishi Mwingereza George Orwell alifika Desemba, na kitabu chake Homage to Catalonia cha mwaka 1938 ndicho kinachotupa picha iliyo wazi kuliko nyingine. Anaeleza kwamba wahudumu wa hoteli na maduka walikutazama usoni kama mtu wa hadhi yao. Alipojaribu kumpa bakshishi kijana wa lifti, meneja wa hoteli alimkaripia. Hata masanduku ya wang'arisha viatu yalipakwa rangi nyekundu na nyeusi. Na hakuna aliyesema "señor", "don", wala "usted". Watu wote waliitana komredi na "tú", na badala ya "buenos días" walisema "salud", yaani afya. Neno hilo waanakisti walikuwa wakilitumia tangu zamani badala ya "adiós" pia, kwa kuwa "adiós" ni kumkabidhi mtu kwa Mungu, nao walikuwa wamelikana Kanisa. Kwa mtu aliyezaliwa chini ya bwana, kumwita meneja wa benki "tú" mchana kweupe halikuwa jambo dogo. Hatuna haki ya kulibeza leo kwa sababu tu halikudumu.

Maana kweli halikudumu, na wakati lilipoanza kufifia unatufundisha zaidi kuliko kufifia kwenyewe. Orwell aliondoka kwenda mstari wa mbele huko Aragon mapema Januari 1937, akarudi Barcelona mwishoni mwa Aprili. Anaripoti kwamba watu wasiofahamiana walikuwa wameanza tena kuambiana "señor" na "usted", na "buenos días" ilikuwa inairudisha nyuma "salud". Wengi hudhani kwamba salamu ya kimapinduzi iliuawa na risasi za Franco, lakini tarehe zinakataa. Barcelona iliangukia mikononi mwa Franco Januari 26, 1939, miezi ishirini na moja baada ya Orwell kusikia mabadiliko hayo. Mjini walikuwa bado wanatawala wapinzani wa Franco. Kilichokuwa kimegeuka ni mizani ya madaraka ndani ya upande wao wenyewe: serikali ilikuwa ikirudisha mamlaka yake dhidi ya kamati za wafanyakazi, mikahawa ya gharama ilikuwa imejaa matajiri, na wahudumu walikuwa wamevaa tena mashati rasmi. Salamu zilihama pamoja na mashati. Mtanzania anayekumbuka "ndugu" ya miaka ya Azimio la Arusha, na anayesikia "mheshimiwa" inavyotawala leo, ataitambua njia hiyo.

Kuna pingamizi lenye uzito zaidi dhidi ya shahidi huyu. Orwell alikuwa mgeni, Kihispania chake kilikuwa cha mashaka, na Barcelona ni jiji la Wakatalani, ambao nyumbani husema lugha yao. Hayo yote ni kweli, na yanatosha kutuzuia tusiyachukue maneno yake kama takwimu. Lakini hoja yenyewe haihitaji takwimu. Mtu anayejua salamu chache tu za lugha ngeni huzisikia kwa makini kwa sababu ndizo anazozishika, na alichoripoti ni badiliko kati ya mara mbili alizolisikia jiji lilelile.

Upande wa Franco nao ulijaribu bahati yake. Aprili 1937, wakati uleule Orwell anaisikia "buenos días" ikirudi, utawala wa Franco ulitangaza mkono ulionyooshwa juu, kwa mtindo wa mafashisti, kuwa salamu ya taifa, na "¡Arriba España!" ikawa ya ofisini na mwisho wa barua. Baada ya ushindi, wengi waliona ni busara kuisahau "salud". Hata hivyo mnamo 1945, Hitler na Mussolini walipokwisha kuanguka, utawala uleule ulioitangaza salamu ya mkono uliifuta. Franco alitawala miaka 30 mingine bila hiyo, na watu waliendelea na "buenos días". Baada ya kifo chake mwaka 1975, "tú" ilienea shuleni, madukani na ofisini kwa kasi ambayo waanakisti wa 1936 wangeifurahia, na hakuna amri iliyoiagiza.

Ng'ambo ya Atlantiki hadithi ni ileile kwa ufupi. Katika karne ya 19 msomi Andrés Bello aliipiga vita "vos", iliyokuwa bado hai nchini Chile. Nchini Argentina neno hilo lilikemewa kwa vizazi kadhaa, na serikali ya kijeshi iliyotwaa madaraka mwaka 1943 ilidhibiti hata lugha ya nyimbo za tango redioni. Waargentina bado wanaambiana "vos". Katika nyanda za Boyacá nchini Kolombia mtoto humwita mama yake "sumercé", kifupi cha "su merced", bila kujua kwamba anasema neno la mabwana wa zamani. Na "hola", salamu ya kwanza ya kila mwanafunzi, ilielezwa katika kamusi ya Akademia ya Kihispania, juzuu la mwaka 1734, kuwa namna ya watu wa kawaida ya kumwita aliye chini yao. Neno la kumwitia mtumishi limekuwa neno la usawa.

Wapo watakaosema kwamba mwongoza watalii hana muda wa haya yote, anahitaji tu maneno ya kumpokea mgeni uwanja wa ndege. Lakini ni huyo hasa anayeyahitaji. Mgeni wa Madrid akiambiwa "usted" na kijana wa rika lake anaweza kuona amewekwa mbali, wakati mzee wa Bogotá anaweza kuona amekosewa adabu akiambiwa "tú". Orodha ya salamu haimsaidii hapo, kujua ni nani alimwambia nani hivyo na kwa nini ndiko kunakomsaidia. Zaidi ya hayo, Kihispania kimo katika Umoja wa Afrika kwa sababu ya Guinea ya Ikweta, nchi iliyopata uhuru kutoka Hispania Oktoba 12, 1968. Wataalamu wa lahaja wameona kwamba huko wasemaji huichanganya "usted" na vitenzi vya "tú", na "vosotros" na "ustedes". Walimu wa kigeni huliita hilo kosa, kama bwana wa Lázaro alivyoiona dua ya fundi. Na vitabu vingi vya wanaoanza humpeleka mwanafunzi wa Kiafrika Madrid au Mexico, na kumpita Mwafrika mwenzake wa Malabo na Bata ambaye ndiye atakayekaa naye mkutanoni Addis Ababa.