Ridhaa na Orodha ya Wanachama: Funzo la Redio ya Ridhaa

Katika Kiswahili, mchezaji wa ridhaa ni anayecheza kwa kupenda, bila malipo. Neno hilohilo ridhaa lina maana pia ya kukubali. Insha hii inajadili jinsi maana hizo mbili zilivyokutana, na kuachana, katika historia ya redio ya ridhaa.

Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1912, iliyopitishwa baada ya meli ya Titanic kuzama, ilimtaka kila mwenye mtambo wa kurushia mawasiliano kuwa na leseni. Majina na anwani za wenye leseni zilichapishwa vitabuni. Wanaredio walivihitaji vitabu hivyo: baada ya kuzungumza hewani, walitumiana kadi kwa posta kuthibitisha kwamba wamesikilizana. Bila anwani, kadi haifiki. Kwa hiyo orodha ilitumika kwa ajili ya urafiki.

Vita vilibadili matumizi yake. Mwaka 1917, Marekani ilipoingia vitani, wanaredio hao waliamriwa kufunga vituo vyao. Mwaka 1939 Uingereza ilifuta leseni zao na kuchukua mitambo yao. Serikali haikuwa na haja ya kuwasaka, maana anwani zao ilikuwa nazo tayari.

Hata hivyo, Uingereza hiyohiyo ilipohitaji watu wa kunasa mawasiliano ya siri ya Wajerumani, ilipitia chama cha wanaredio na kuwaomba wanachama wajitolee. Waliokubali walisikiliza usiku nyumbani kwao na kuandika walichokisikia. Watu walikuwa walewale. Kilichotofautiana ni kuulizwa.

Leo mwenye leseni Uingereza anaweza kuchagua anwani yake isichapishwe. Kwetu Afrika Mashariki, Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Zote zinasisitiza kwamba taarifa iliyokusanywa kwa lengo moja isigeuziwe lengo jingine kiholela.

Kwa kuhitimisha, mwanachama anayeiandikia klabu ya sataranji namba yake ya simu ameridhia kuitwa mchezoni. Hajaridhia kupigiwa na mfanyabiashara wala mwanasiasa. Katibu anayetaka kuichapisha orodha hiyo hana budi kurudi kwa kila mmoja na kumwuliza upya, na anayekataa abaki mwanachama kamili.