Alama ya T: Tarehe ya Fedha ya Vita, Tabora hadi Mbozi

Mwaka 1904 Wajerumani walibadili hesabu ya fedha katika koloni lao la Afrika Mashariki. Rupia moja, iliyokuwa pesa 64, ikawa hela 100. Sarafu zenyewe ziligongwa Ulaya, zikaletwa kwa meli, na kila moja ilibeba herufi ndogo ya mahali ilipozaliwa: A kwa Berlin, J kwa Hamburg. Kwa fedha hiyo mwananchi alilipa kodi, na kwa fedha hiyo askari alilipwa mshahara.

Vita vilipoanza mwaka 1914, na Waingereza walipoifunga pwani mwaka uliofuata, meli zikakoma na sarafu zikakoma pamoja nazo. Serikali ya Gavana Schnee ikachapisha noti za muda hapa hapa nchini kuanzia 1915. Lakini watu hawakuiamini karatasi. Mwenye mahindi ya kuuza, mpagazi na askari, wote walitaka chuma. Aliyekuwa na rupia ya fedha aliifukia, na kadiri watu walivyofukia ndivyo sarafu zilivyozidi kuadimika sokoni.

Hapo ndipo Tabora inapoingia katika tarehe hii. Mwaka 1916, katika karakana ya reli huko Lulanguru, palianzishwa kiwanda cha kugonga sarafu. Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma miaka miwili tu kabla, kwa hiyo mafundi na mitambo ya kutengenezea injini na mabehewa vilikuwapo. Shaba ilitafutwa popote, hata maganda ya makombora yakayeyushwa. Zikatoka sarafu za hela 5 na hela 20, zenye taji, mwaka 1916, na herufi ambayo haikuwahi kuonekana kwenye sarafu za koloni hili: T, yaani Tabora. Za hela 20 pekee zilipita milioni moja, nyingi za shaba ya njano na chache za shaba nyekundu.

Ikagongwa pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15, na hiyo ndiyo inayotafutwa na wakusanyaji wa dunia nzima. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba, na mjiolojia Friedrich Schumacher alikuwa na kazi kubwa katika shughuli hiyo. Upande mmoja ni tai wa dola ya Ujerumani. Upande wa pili ni tembo aliyeinua mkonga, na nyuma yake mlima. Zilitengenezwa kama 16,000 hivi. Kila moja ina uzito wa gramu 7.168, na robo tatu ya uzito huo ndiyo dhahabu halisi. Aliyechonga chapa, yaani kile kipande cha chuma kigumu chenye picha kinyumenyume, anatajwa kuwa sonara Msinhala, mtu wa Ceylon. Majina ya wafanyakazi Waafrika waliosukuma vinu, kuyeyusha na kukata hayamo katika orodha za sarafu.

Kazi ya mikono ya kiwanda kile, hata hivyo, inasomeka. Chapa zilichongwa kwa mkono, zikachakaa, zikachongwa nyingine, na hakuna mkono unaorudia mstari uleule mara mbili. Ndiyo maana kwenye sarafu ya tembo kuna aina mbili: pambo la kulia, upande wa tai, linaishia chini ya T ya neno OSTAFRIKA au chini ya A inayoifuata. Kwenye hela 20 kuna taji kubwa na taji dogo, na herufi L za neno HELLER zina ncha iliyochongoka au iliyojikunja. Mwenye subira na kioo cha kukuzia anaweza kupanga sarafu kumi mezani na kusema zipi zilizaliwa na chapa moja.

Ujuzi huohuo unatumiwa na wakusanyaji wa beji za askari wa miamvuli wa Ujerumani wa vita vya pili. Beji ile, tai anayeshuka ndani ya shada la majani, ilianzishwa mwaka 1936 na kutengenezwa na viwanda vingi: Juncker wa Berlin, Assmann wa Lüdenscheid, Osang wa Dresden na wengine. Baadhi zina jina la kiwanda mgongoni, nyingi hazina. Mkusanyaji huzitambua kwa ribiti zinazomshika tai kwenye shada, kwa umbo la pini na bawaba yake, kwa mikwaruzo ya chapa, na kwa madini, maana kadiri vita vilivyoendelea zinki ilichukua nafasi ya madini bora. Kazi hiyo naiheshimu. Lakini kwetu Mbozi hakuna sababu ya kwenda kuitafuta Berlin, maana vita vya kwanza vilipita hapa kwa miguu.

Tabora ilitekwa na jeshi la Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916. Kiwanda kikafa. Wajerumani waliorudi nyuma kuelekea kusini walibaki na karatasi, na zile noti za mwaka 1917 zilipigwa chapa kwa herufi za mpira, moja moja. Mwishoni mwa Septemba 1918 Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji kurudi katika koloni, akapita Ubena, na mwisho wa Oktoba kikosi chake kilikuwa Mbozi, kwenye misheni ya Wamoraviani iliyoanzishwa mwaka 1899. Kutoka hapo akavuka mpaka kuingia Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, akaishambulia Fife mwanzoni mwa Novemba, akafika Kasama, na tarehe 25 Novemba akasalimu amri Abercorn, Mbala ya leo, akiwa na Wazungu 155 na askari Waafrika 1,168, mbali na wapagazi na wanawake.

Katika mwendo huo Wanyiha, wenyeji wa Mbozi, walitoa chakula na migongo, kwa jeshi hili na kwa lile lililolifukuza. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yao huhesabiwa kwa makumi ya maelfu. Tunajua sura ya ncha ya L kwenye hela 20. Mpagazi wa Mbozi aliyelipwa hela hiyo hatumjui. Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu bado yapo mambo yanayoweza kuokolewa.

Badala yake, katika nchi yetu watu wanachimba. Wanasoma michoro ya miamba kama ramani ya hazina ya Mjerumani, wanabomoa misingi ya majengo ya kale, na wanauziana nakala za sarafu kwa bei ya ng'ombe. Sarafu ya tembo inaghushiwa sana. Anayetaka kuinunua ampelekee sonara mwaminifu mwenye mizani ndogo: isipofikia gramu saba, au ikizidi sana, asitoe fedha.

Mwenye shamba la kahawa Isansa, hapa Mbozi, akifukua hela yenye T, asiisugue kwa mchanga wala ndimu. Kutu ya kijani ni ushahidi, na ikisuguliwa mistari ya chapa huondoka nayo. Aandike jina la kitongoji, shamba la nani, kina cha jembe, na kitu gani kilikuwa kando yake: kifungo, ganda la risasi, kipande cha chungu. Kisha amuulize mzee wa ukoo shamba lile lilikuwa la nani mwaka 1918, nani alichukuliwa kubeba mizigo, na nani alirudi, na majibu yake yaandikwe kwenye daftari hilohilo.