Daktari Aliyepelekwa Nzega

Miaka ya 1930, serikali ya Waingereza ya Tanganyika iliwahamisha Waha wengi wa Kibondo kutoka kaya zao zilizotawanyika na kuwakusanya katika makazi mapya, kuwaepusha na mbung'o na malale. Katika nyanda hizo za Buha, nchi ya Waha, hadi Kasulu, tiba na amri vilikuwa mkono mmoja.

Ndiyo maana, popote Tanganyika, daktari Mwafrika mwenye sauti ya siasa hakuchukuliwa kwa wepesi.

Vedasto Kyaruzi, mzaliwa wa Bukoba aliyesomea udaktari Makerere, alichaguliwa rais wa chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA, mwaka 1950, Abdulwahid Sykes akiwa katibu. Chini yao chama kilidai Mwafrika awe na sauti katika katiba, wakati Gavana Edward Twining akitafuta mpango wake wa katiba hiyo. Kyaruzi alikuwa mtumishi wa serikali, na huo ndio uliokuwa udhaifu wake: akahamishiwa hospitali ya gereza la Kingolwira, karibu na Morogoro, kisha Nzega, mbali zaidi na Dar es Salaam. Hakuna aliyehitaji kumfunga. Barua ya uhamisho ilitosha.

TAA ilidhoofika, lakini haikufa. Mwaka 1953 Julius Nyerere alichukua urais wake, na tarehe 7 Julai 1954 ikazaliwa TANU, chama kilichochukua nafasi ya TAA. Baada ya uhuru, Kyaruzi aliiwakilisha Tanganyika Umoja wa Mataifa.